Yasipokuwepo, Sema Hayapo

Tusizungushane: mgongo wa Buachum ulikuwa umepona. Ulipona mwezi wa mavuno, na hadi Mwaka Mpya wa Kithai, ule wa mwezi wa nne, ulipokaribia alikuwa bado anatembea ameshika kiuno, "aah" huku na "aah" kule, utadhani kabeba gunia la mpunga.

Si kwamba hakuwahi kuumwa. Aliumwa, jamani! Miaka thelathini ya kuinamia kitanda cha kufumia vitambaa ilimvunja kiuno hadi akawa anateremka ngazi za nyumba kwa makalio kama mtoto. Ndipo Fai, binti yake wa pekee, alipoacha kazi ya saluni kule Phuket, akafunga virago na kurudi kijijini mkoani Nan kumuuguza. "Nitakaa mpaka upone, mama," alisema mara moja tu, na miaka mitatu ikapita.

Walihangaika naye kweli. Naret, kijana wa tiba ya viungo wa hospitali ya wilaya, alimlaza chali juu ya mkeka, akamkunjisha magoti, akamwambia abonyeze kiuno sakafuni, ahesabu hadi kumi, kisha aachie.

"Ndiyo dawa hiyo?" Buachum alimaka. "Nimepanda gari saa nzima kuja kulala chini? Kwangu hakuna sakafu?"

Naret alicheka. "Basi shangazi, kailalie hiyo ya kwako, kila asubuhi. Na ukinyanyua kitu, kunja magoti. Acha kuinama kama bata anayetafuta konokono."

Akailalia. Asubuhi alikwenda uani mwa hekalu kunyoosha viungo na wanawake wenzake, ile yoga iliyoachwa na watawa wa msituni wa zamani: mikono juu, kiuno kushoto, vuta pumzi, shusha. Kisha Bibi Sangwan, mtawa mwenye kichwa kilichonyolewa na ulimi usio na sukari, aliwakalisha kimya waitazame pumzi na maumivu yao.

"Maumivu msiyagombeze," alikuwa akisema. "Wala msiyabembeleze. Yakiwepo, sema yapo. Yasipokuwepo, sema hayapo. Basi."

Asubuhi moja ya mavuno Buachum alikaa akayatafuta, asiyaone. Akayatafuta tena, kushoto, kulia, chini kwenye mfupa wa nyonga. Hayapo! Machozi ya furaha yalimtoka palepale. Akarudi nyumbani mbio, ndiyo, mbio, yeye huyo huyo wa kushuka ngazi kwa makalio, ili akamwambie mwanawe.

Alimkuta Fai ameshaandaa kitambaa cha moto na dawa ya kuchua. "Njoo ulale, mama, nikukande kabla maji hayajapoa." Buachum akalala. Mikono ya Fai ilikuwa na joto, na alikuwa akimsimulia umbeya wa sokoni huku anakanda. Nitamwambia kesho, Buachum alijisemea.

Kesho ikazaa kesho nyingine. Msimhukumu haraka, au mhukumuni, shauri yenu. Mumewe alikuwa amekufa, nyumba kubwa, na hakuna mwingine duniani aliyekuwa akimgusa. Alijua siku Fai akisikia kapona, mkoba uko begani. Basi akaendelea kuugua kwa bidii. Fai akienda sokoni, yeye huchota maji ndoo mbilimbili, magoti kakunja vilevile alivyofundishwa na Naret. Fai akirudi, anamkuta kaketi chini anasubiri kushikwa mkono ainuke.

Hekaluni ndiko dhamiri ilikokuwa ikimchoma. Baada ya kukaa kimya, Bibi Sangwan huuliza kila mmoja ameona nini.

"Maumivu, bibi," Buachum hujibu. "Upande wa kushoto."

"Juzi si yalikuwa kulia?" jirani yake alidakia siku moja. "Wenzangu, maumivu ya huyu yanahamahama kama mpangaji!"

Wote walicheka, na Buachum akacheka nao, lakini Bibi Sangwan hakucheka. Alimtazama tu. Siku ya ibada, wakikariri ahadi tano za Kibudha, walipofika kwenye ile ya kutosema uongo, sauti ya Buachum ilizama, midomo ikabaki inacheza peke yake.

Wiki moja kabla ya Mwaka Mpya alimsikia Fai simuni, akiongea na dada mmoja wa Phuket aliyemtafutia kazi. "Saluni ni nzuri, dada, na nafasi naitaka sana, nisikufiche. Lakini siwezi kumuacha mama. Hata ndoo hawezi kunyanyua."

Buachum alikuwa nyuma ya mlango na ndoo imejaa mkononi. Aliitua taratibu isije ikalia. Aibu ilimpanda hadi masikio yakawaka. Alikuwa anamla mwanawe mzimamzima, na alijua. Nitasema leo, aliapa. Lakini uongo wa miezi mitano unaanza kuusema wapi?

Siku ya Mwaka Mpya Fai alivaa sketi aliyofumiwa na mama yake, akapiga magoti mbele yake na bakuli la maji ya maua, kama watoto wafanyavyo siku hiyo kuwaomba wazazi radhi na baraka. Buachum akakinga viganja, na Fai akaanza kuyamimina.

"Mama, nisamehe kwa niliyotenda, niliyosema na niliyowaza." Halafu akalisimamisha bakuli. "Hilo la kuwaza ni zito, mama. Kuna siku nilikuta ndoo zimejaa, nikawaza... nikawaza unajifanya. Mama yangu mzazi! Nimejichukia tangu siku ile. Nisamehe."

Zamu ya Buachum ilikuwa kumbariki. Alifungua mdomo na baraka haikutoka. Badala yake aliinuka kwenye mkeka, wima, bila kushika nguzo, akaenda kwenye mtungi wa maji, akakunja magoti, akaunyanyua na kuutua.

Fai alibaki na bakuli hewani. "Tangu lini?"

"Tangu mavuno."

"Mavuno? Mama! Na juzi nimekukanda mpaka vidole vimekufa ganzi!"

"Nilijua utaondoka."

"Ungeniambia nikae ningekaa! Ungesema tu, Fai, kaa!"

"Mpigie yule dada, mwanangu. Mpigie sasa hivi."

"Nafasi kapewa mtu mwingine. Tangu jana."

Buachum akarudi mkekani, akapiga magoti, akalichukua lile bakuli mikononi mwa mwanawe.

"Mama, inuka! Watu watakuona unampigia mtoto magoti."

"Wanione." Akamimina. "Nisamehe, Fai. Kwa niliyotenda, na niliyosema, na niliyowaza."

Fai hakuondoa viganja. Aliyaacha maji yapite hadi yakaisha bakulini, akajifuta kwenye sketi. "Bado, mama," alisema. "Leo sijaweza." Akashuka ngazi kwenda kuanua nguo.

Aliyemimina maji hainuki kabla hajabarikiwa; Fai kainuka bila baraka yake, lakini Buachum alibaki amepiga magoti, akimsikia mwanawe anakung'uta shuka moja baada ya nyingine. Aliyatafuta maumivu mgongoni, kushoto, kulia, chini kwenye mfupa wa nyonga. Siku hiyo angeyashukuru, hata yangekuwa kidogo tu. Hayakuwepo.