Droo Niliyoisahihisha

Nilikulia upande wa Keringet, kwenye baridi ya viazi na pareto, ambako karatasi iliyochapwa ilikuwa kitu cha kuhifadhiwa ndani ya Biblia isije ikakunjika. Mama alikuwa na mkusanyo wake humo: kadi ya shukrani ya mavuno kanisani, mwaliko wa arusi ya shangazi, programu ya mazishi ya jirani. Siku za mvua nilizitoa nikazitandaza kitandani, na ndipo nilipoiona k moja iliyovunjika mguu. Ilikuwa kwenye karatasi zote tatu, ikichechemea kutoka mavuno hadi arusini, na kutoka arusini hadi kaburini. Nilidhani ni mtu. Nilidhani anaishi mahali fulani Nakuru mjini, na kwamba kila jambo kubwa likitokea kwetu huitwa aje asimame kwenye mstari.

Mtoto mwenye akili timamu angeyasahau hayo. Mimi niliyapeleka chuo kikuu, nikayasomea, na nikarudi Nakuru kufundisha, nikiwa mtu wa kusimama dirishani kwa watu kuangalia jinsi kalenda yao ilivyochapwa. Nilikusanya risiti za zamani, vibandiko vya chupa za soda, vyeti vya ubatizo vya watu nisiowajua. Baadaye nikaanza kukusanya herufi zenyewe: vipande vidogo vya risasi, kila kimoja na herufi moja kichwani, imegeuka kama uso kwenye kioo. Tunakaa Lanet, karibu na kambi ya jeshi, na nimejifunza kutotamka kwa sauti kwenye kituo cha matatu kwamba nina risasi gunia zima kwenye gareji. Gari letu linalala nje. Mke wangu amezoea, kwa maana kwamba hasemi tena kila siku.

Mwenye k ile nilimpata nikiwa na mvi tayari. Alikuwa fundi wa kuchapa, mzee mwenye vidole vyeusi hadi kwenye fundo la pili, na duka lake lilikuwa nyuma ya soko, chumba kimoja chenye mashine ya kukanyaga kwa mguu. Nilipomwonyesha kadi ya Mama aliisogeza puani, kwa maana macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho.

"Haiya! Huyu kiwete bado anatembea?" akacheka. "Nilimwangusha mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza. Mdosi aliyeniajiri akaniambia, 'Usimtupe, k ni chache, hii lugha yenu inakula k kama mahindi.'"

Kuanzia hapo nilikuwa naenda kila Ijumaa. Nilikaa kwenye debe la wino nikamwangalia akifanya kazi. Alisimama mbele ya droo ya mbao yenye vyumba vidogo vidogo, mkono wa kushoto umeshika kibao cha chuma, mkono wa kulia ukienda na kurudi, ukienda na kurudi, na herufi zikijipanga kwa mlio mdogo kama wa kuku anayedonoa bati. Hakuangalia droo. Aliangalia mlangoni, kwenye mwanga, kama mtu anayengojea mvua. Kuna Ijumaa nilirudi nyumbani nisijue nimekaa saa ngapi.

Kisha kazi zikaisha. Watu siku hizi hutengeneza mwaliko kwa simu na kuutuma kwa simu. Mwanzoni mwa mwaka alifunga duka. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja wakapima droo zake kwa macho, na mimi nikawawahi. Nilichukua kila kitu: mashine, droo, kibao, hata debe nililokuwa nikilikalia.

"Zitunze, profesa," aliniambia. Ni cheo ambacho chuo hakijanipa mpaka leo.

Nami nikazitunza, na hapo ndipo ubaya ulipoanza.

Mvua ndefu zilipoanza nilifungua droo yake kubwa ya herufi ndogo, nikashtuka. Ilikuwa shaghalabaghala. Nina kitabu cha nje, kizito, chenye picha ya jinsi droo inavyopaswa kupangwa, kila herufi na chumba chake. Katika picha ile, chumba kikubwa cha katikati ni cha e. Fundi alikuwa amejaza a humo. K alikuwa ameiweka pale penye starehe, karibu na mkono, na w kando yake, na e maskini ilikuwa imebanwa pembeni kama mgeni asiyealikwa. Nilimhurumia mzee. Miaka yote hiyo, nikawaza, bila mtu wa kumwelekeza.

Nikaisahihisha. Ilinichukua wiki tatu, na sitasema uongo, zilikuwa wiki tamu. Mvua ilipiga mabati ya gareji, ukungu wa mlima Menengai ukashuka hadi kwenye ua, nami nilikaa na kibanio na brashi, nikiamsha herufi moja moja kutoka usingizini na kuipeleka nyumbani kwake. Kuna wakati sikujua kama ninazipanga mimi au zinanipanga. Mke wangu alileta chai, akasimama mlangoni.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Mama, hii ni kanuni. Iko kwenye kitabu."

"Aya," alisema, akaondoka. Mke wangu akisema "aya" hivyo, mtu mwerevu huacha anachofanya.

Mwezi wa nane fundi akaja, asubuhi, bila kupiga simu. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Nilimkalisha, nikamuuliza habari za nyumbani.

"Sisi wazima. Profesa, nataka kuoa."

"Mzee! Mama ya watoto anajua?"

"Ndiye naoa, wewe!" Alicheka hadi akakohoa. Yeye na mkewe walikuwa wameishi pamoja tangu ujana, mbuzi wa mahari walipelekwa, watoto na wajukuu wakaja, lakini kanisani hawakuwahi kusimama. Sasa padri alikuwa amepanga kubariki ndoa za wazee kadhaa siku moja. "Nimechapia Nakuru yote kadi za arusi. Yangu haijawahi. Mama anasema hataki ya simu. Anataka ile inaguswa. Nimemwambia nitaipanga na mikono yangu, kabla hii macho haijafunga kabisa."

"Unaona kiasi gani, mzee?"

"Naona wewe ni kitu imesimama. Lakini droo siihitaji kuona. Mkono unajua."

Nilipaswa kusema hapo. Nililiona neno likinijia mdomoni, nikalimeza na chai. Nilijiambia kwamba labda itajirekebisha yenyewe, jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuamini.

Alisimama mbele ya droo, akaugeuza uso mlangoni kwenye mwanga, na mkono wa kulia ukaanza ile safari yake. Kwenda na kurudi. Kwa dakika moja gareji ilikuwa duka lile, na mimi nilikuwa mtu mwenye furaha. Kisha mkono ukapunguza mwendo. Akazipima herufi kwa kidole gumba.

"Hii n imekonda."

Akaendelea. Akasimama tena. Akanipa kibao. "Nisomee."

Alikuwa amekusudia "Tunakualika". Kilichokuwa kwenye kibao hakikuwa lugha ya watu.

"Haijakaa sawa," nilisema.

Alizirudisha, akaanza upya, polepole zaidi. Mara ya pili ikatoka takataka ileile, ileile kabisa, kwa sababu mkono wake haukuwa umekosea hata mara moja. Akaketi kwenye debe. Alifungua mikono akaiinua mbele ya macho yake yasiyoona, kama mtu aliyeazimwa mikono ya mwingine.

"Basi imekwisha," alisema. "Macho nilikuwa nimekubali. Hii sikujua. Nitamwambia Mama aende na ya simu."

Nimesimama mbele ya madarasa ya watu mia mbili bila kutetemeka. Pale ilibidi nichuchumae mbele ya debe lake ndipo niseme.

"Mzee, mikono yako ni mizima. Ni mimi. Nilihamisha herufi."

"Ukahamisha?"

"Nilizipanga vile kitabu kinasema. E katikati."

Aligeuza uso kuelekea droo.

"E," alisema. "Mwanangu, wewe husema 'e' mara ngapi kwa siku? Mdosi alituletea droo ya kizungu, tukapanga siku tatu, kila siku a ikaisha kabla ya mchana na e zikabaki zinakula vumbi. Wazee walionifunza wakaigeuza. Huyo wa kitabu amewahi kuchapa kadi ya arusi Nakuru?"

"Hapana, mzee."

"Na wewe?"

"Hapana."

"Msomi," alisema, kama mtu anavyotaja ugonjwa. Lakini mikono ilikuwa imeshuka magotini, imetulia, na nikaona amerudishiwa kitu.

Shida ni kwamba hakuweza kuniambia kila herufi ilikaa wapi. Nilimuuliza chumba cha p, akafikiri, akakasirika. Kichwa chake hakikujua. Mkono tu ndio uliojua. Ikabidi nimwage droo nzima mezani, wiki zangu tatu zote, kisha niirudishe tupu mbele yake.

"Panga kadi yako," nilimwambia.

"Na nini? Hewa?"

"Na hewa."

Akageuza uso kwenye mwanga akaanza, huku akitamka maneno kwa sauti ya chini. Tunakualika. Kidole kiligusa chumba kitupu, nami nikadondosha herufi hapo, kikagusa kingine, nikadondosha. Pamoja. Jamaa. Furaha. Alipanga arusi yake yote kwenye droo isiyo na kitu, mara mbili, mara tatu, nami nikimfuata kama mpanda mbegu nyuma ya jembe. Kufikia saa tisa kila herufi ya kadi ilikuwa imepata kwao, na chumba kikubwa cha katikati nilikuwa nimekijaza a hadi juu.

Kisha akashika kibao na kupanga kwa kweli. Nilimsomea mstari baada ya mstari. Hakukuwa na kosa hata moja. Tukazifunga herufi ndani ya fremu ya chuma, nikapaka wino, akakanyaga mashine mwenyewe, na kadi ya kwanza ikatoka.

Hakuomba nimsomee. Aliigeuza nyuma, upande usio na wino, ambako herufi huacha mwinuko mdogo kwenye karatasi, akaipitishia kidole gumba taratibu kutoka juu. Kilipofika kwenye jina la bibi arusi kilisimama. Kilikaa hapo. Nje mtu alikuwa akiita mbwa.

"Chapa mia moja na hamsini," alisema hatimaye. "Na hiyo droo usiiguse."