Nilivyoivunja Tovuti ya Umm Saif

Nilikuwa nimekalia kochi jeupe la watu, mtaa wa Mirdif huku Uarabuni, namweleza Madam jinsi nitakavyoiokoa biashara yake. Mara mlango wa jikoni ukafunguka.

Aliyeingia na sinia ya chai alikuwa mwanafunzi wangu.

Dorcus. Ijumaa iliyopita tu nilikuwa nimemfokea darasani mbele ya wenzake.

Madam akanitazama, akamtazama yeye, kisha akaniuliza, "Irshad, huyu unamjua?"

Nikasema, "Hapana, Madam."

Dorcus akamimina chai. Akanitilia vijiko vitatu vya sukari bila kuniuliza, kama ninavyokunywa kila Ijumaa, akarudi jikoni.

Ngoja niwape kisa kizima, ndio mnitukane vizuri.

Ilikuwa 2016. Mimi mtoto wa Kibokoni, Mombasa, siku zote nauza kava za simu kwenye duka moja huku, mtaa wa Al Mankhool. Lakini Ijumaa asubuhi, kabla ya sala, nilikuwa naitwa Mwalimu. Rafiki yangu Badawi alinipa sebule yake, tukatundika ukutani ubao mdogo na shuka ya kumulikia projekta, nikawa nafundisha watu saba kutengeneza tovuti. Walinzi, wahudumu wa hoteli, na Dorcus, Mganda anayefanya kazi za ndani.

Bila malipo. Malipo yangu ilikuwa ni hiyo kuitwa Mwalimu.

Shida ni kwamba nilikuwa na ugonjwa wa vitu vipya.

Wiki ya kwanza niliwafundisha HTML, yale maandishi ya kawaida yanayojenga ukurasa. Wiki ya tatu nikasoma mahali kwamba mabingwa wanatumia Bootstrap, zana ya kurahisisha kujenga tovuti. Tukahamia huko. Mwezi haujaisha nikasikia kuna zana mpya zaidi, Angular. Tukahama. Watu hawajajua Angular inafungukia upande gani, nikaona video ya jamaa mmoja mwenye ndevu anasema imeshapitwa, dunia nzima iko React.

Tukahama tena.

Miezi mitano, nilivyojua mimi, hakuna mtu darasani aliyekuwa na ukurasa mmoja uliokamilika. Mimi mwenyewe sikuwa nao. Tovuti yangu ilikuwa na maneno matatu: "Inakuja Hivi Karibuni."

Hudson, mlinzi wa jengo moja, mdomo kama redio, alikuwa akifika tu anauliza, "Mwalimu, leo tunahamia wapi? Tubebe na magodoro?"

Darasa linaanguka kwa kicheko. Mimi namwona mshamba.

Dorcus alikuwa hacheki. Aliinua mkono taratibu. "Mwalimu, mimi bado niko kwenye fomu. Ile ya mtu kuandika jina na kutuma oda. Naomba unionyeshe mara moja tena."

"Dada, hayo ni mambo ya babu zetu! Utabaki huko mpaka lini?"

Huko ndiko kumfokea ninakosema.

Basi siku hiyohiyo jioni simu ikalia. Mama wa Kiemarati, anaitwa Umm Saif. Anatengeneza vitamu vya Eid nyumbani kwake, watu wanaagiza kwa tovuti. Alitaka aongezewe picha mpya kabla ya Ramadhani.

Picha tu. Hakutaka kingine.

"Namba yako nimepewa na mtu anayekusifu sana," akaniambia.

Sikuuliza ni nani. Nilidhani sifa zangu zimepanda taksi zenyewe mpaka Mirdif.

Ndio nikajikuta kwenye lile kochi. Madam akanifungulia tovuti yake. Nyeupe, jina juu, picha za maamuli, vile vitamu vyake vya tende, katikati, fomu ya oda chini. Basi. Ilifunguka kabla sijapepesa macho.

Nikacheka. Wallahi nilicheka kwa sauti.

"Madam, nani kakufanyia hii?"

"Mtu fulani. Kwa nini?"

"Mtu huyo ni wa kufukuzwa. Hii ni kazi ya aibu. Mtu anayejua kazi hawezi kuweka kitu kama hiki mbele ya watu."

Kule jikoni sauti ya vyombo ikakatika.

Madam akainuka, akaingia jikoni, akakaa huko kitambo. Niliwasikia wakinong'ona. Aliporudi akasema, "Haya, fanya unavyoona. Lakini katikati ya Ramadhani oda zinaanza. Usiniangushe." Ndipo nikaanza kumweleza nitakavyoiokoa biashara, na Dorcus akatokea na ile chai.

Nikaifuta ile ya zamani. Nikajenga mpya kwa kila kitu nilichowahi kukiona kwenye video. Maamuli yanazunguka. Nyota zinadondoka. Ukibonyeza oda, sanduku linajifungua lenyewe na utepe unaruka. Kwenye laptop yangu ilikuwa harusi.

Kwenye simu za watu ilikuwa matanga. Lakini sikujaribu kwenye simu. Mabingwa hawajaribu.

Ramadhani ikafika nusu. Siku ya kwanza, hakuna oda. Ya pili, hakuna. Ya tatu Madam akapiga.

"Irshad, watu wananiuliza kama nimefunga. Wanaona duara linazunguka tu. Yalla, njoo."

Nikafika alasiri, joto la Juni limenikausha koo, nimefunga. Jikoni kulikuwa na magunia ya unga, tende zimejaa mabeseni, na kina mama wawili wajane ambao Umm Saif huwapa kazi kila Eid. Wamekaa, mikono mapajani. Walisafiri kutoka Sharjah kuja kukaa.

Mmoja akaniangalia na matumaini. Sitasahau yale macho.

Nikafungua laptop. Nikarekebisha hapa, kukavunjika pale. Saa nzima. Jasho linatiririka na kiyoyozi kinapuliza.

"Madam, nahitaji siku tatu. Hizi zana mpya zina mambo yake…"

"Khalas," akasema. Halafu akaita, "Dorcus!"

Dorcus akaja, anajifuta mikono kwa aproni. Madam akamwonyesha kiti changu.

"Ile ya kwanza bado unayo?"

"Ninayo, Madam. Niliihifadhi kwenye barua pepe."

Nikasimama, maana hakukuwa na la kufanya isipokuwa kusimama. Dorcus akakaa. Dakika kumi na tano. Ukurasa mweupe ukarudi, fomu chini, na picha mpya alizoombwa mtu mwingine aziweke.

Kabla hajainuka, simu ya Madam ikalia. Oda. Ikalia tena. Wale kina mama wakainuka wenyewe wakaanza kukanda unga.

Mimi nimesimama kama hanga ya nguo.

"Ni wewe uliyeitengeneza?" nikamuuliza.

"Ni mimi, Mwalimu. Kwa yale ya wiki ya kwanza, kabla hatujaanza kuhama. Fomu niliibahatisha mpaka ikatuma, ndiyo maana nikakuomba unionyeshe tena."

"Sasa kwa nini hukusema siku ile?"

"Ulisema hunijui. Ningeanzia wapi?"

Madam akadakia. "Namba yako alinipa yeye. Alisema ana mwalimu mzuri, nimpe kazi apate jina. Uliposema kazi yake ni aibu, nilikwenda jikoni kumuuliza kama nikufukuze. Unajua alinijibu nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Alisema, 'Mwache, Madam. Ni mwalimu wangu, lazima anajua zaidi.'"

Jamani. Bora angenitukana.

Ijumaa iliyofuata nilisimama mbele ya darasa nikaeleza yote. Kuhusu Mirdif, kuhusu kusema simjui, kuhusu kina mama wa Sharjah. Sikuficha kitu.

Nikamgeukia Dorcus. "Dada, nisamehe. Nilikukana kwa sababu niliona haya mwanafunzi wangu kuwa mfanyakazi wa ndani. Na mimi nauza kava za simu."

"Nimesikia, Mwalimu," akasema. Hakusema amenisamehe, nami sikumlazimisha.

Akachukua kalamu, akaandika ubaoni: FOMU. Akageuka.

"Walio tayari tuanze. Mwalimu, na wewe ukae."

Nikavuta kigoda nikakaa kati ya Hudson na ukuta. Tulipomaliza, kila mtu alikuwa na fomu inayotuma. Mimi nilikuwa wa mwisho kumaliza.

Nakwambia wewe unayesoma hapa na unajiita fundi wa kitu chochote: kabla hujaiponda kazi uliyoikuta, uliza inafanya nini na inamlisha nani. Kitu kipya hakikufanyi bora. Mimi kilinifanya mjinga mwenye laptop nzuri.