Sahani Yangu Peke Yangu

Mama hakunikumbatia uwanja wa ndege. Alinishika kifundo cha mkono, akakizungushia vidole vyake mpaka kidole gumba kikakutana na cha kati, akakitazama kama mtu aliyeuziwa kuku, akafika nyumbani na kugundua ni manyoya tu. Mimi nilikuwa nimevaa gauni jipya lenye mkanda, nikingoja kusifiwa. Mwaka mzima kule Ubelgiji nilikuwa nimejinyima mkate, sukari na vyote vinavyomfurahisha mwanadamu, kwa sababu daktari aliniambia magoti yangu yamechoka kunibeba na presha inapanda. Uzito ulishuka kweli. Wenzangu kazini walinipongeza. Mama yangu alisema neno moja tu tukiwa kwenye gari.

"Kumbe."

Nilishtuka, lakini nikajiambia amechoka kwa kungoja.

Likizo hiyo nilikuwa naiogopa. Nyumba zetu za Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, zinajulikana: asubuhi maandazi na chai ya maziwa, mchana wali na sombe, yaani kisamvu, iliyozama kwenye mawese, jioni samaki wa ziwani, mukeke, wa kukaanga, na katikati ya hayo jirani anapita na sambusa, ole wako uikatae. Mtu anakuja na mwili wake, anaondoka na wa watu wawili. Kwa hiyo niliingia nchini na sheria zangu. Nusu ya chakula iwe mboga. Chai bila sukari. Jua likishazama, mdomo umefungwa, na saa hiyo ambayo mtaa mzima unanukia vitunguu, mimi nitoke nikatembee.

Kutembea kwenyewe kulizua mambo. Watu walinisimamisha njiani kuniuliza nani amefariki, maana mtu mwenye nauli haendi mbio hivyo kwa miguu bila msiba. Fundi mmoja wa magari alinifuata na pikipiki mpaka karibu na viwanda, akitaka kunibeba bure. Nilipomweleza kwamba siendi popote, natembea tu, alizima pikipiki akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa.

Halafu nikaomba sahani. Kwetu wanawake hula pamoja kwenye sinia moja, kila mtu na upande wake. Kwenye sinia huwezi kupima chochote. Mama mdogo, ambaye anaishi na mama tangu alipofiwa na mumewe, ana mkono mwepesi: ukigeuza uso kidogo, upande wako umejaa tena. Siku ya pili nikasema nataka sahani yangu peke yangu.

"Sahani?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama. Nijue nimekula kiasi gani."

Mama mdogo aliacha kupakua. Mama alikwenda kabatini, akakawia huko, akarudi na sahani nyeupe ya bati yenye ukingo wa buluu. Mimi nikakaa mezani, wao wakaenda na sinia lao uani. Nilifurahi sana. Nilifikiri wameelewa upesi kuliko nilivyotegemea.

Kuanzia hapo nilitunzwa kwa namna iliyonishangaza. Nilipobakiza nusu, hakuna aliyegomba. Nikisema nimeshiba, mama aliitikia "alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, akaichukua sahani kwa mikono miwili. Huyu ndiye mama aliyekuwa akinikalisha mbele ya ugali wangu utotoni mpaka niumalize, hata kama wenzangu wananiita nje kucheza. Ningekuwa na akili, ningeshuku.

Alhamisi moja nilikwenda kumwamkia shangazi kule Gihosha, nikamkuta anateleka ndizi na nyama, nikaaga kabla hazijaiva. Nilirudi nyumbani mapema kuliko nilivyotarajiwa. Mlangoni kulikuwa na viatu vya wanawake vingi, na kutoka ndani nikasikia Yasini inasomwa. Nikavua vyangu, nikaingia taratibu, nikijua kuna mgonjwa, nikawa namtafuta kwa macho. Walikuwa wamekaa mkekani na mitandio yao, udi unafuka, bilauri ya maji iko katikati. Mmoja akaniona akaacha kusoma. Halafu wa pili. Jirani yetu, mke wa fundi cherehani, akasogea na kupigapiga mkeka.

"Kaa hapa katikati, mwanangu. Usisimame, utachoka."

"Nani anaumwa?" nikauliza.

Walitazamana.

"Si ni we," alisema yule jirani.

Nimehudhuria visomo vingi maishani mwangu. Sikuwahi kuwaza kwamba nitaingia kwenye kimoja na kukuta ni cha kuniombea mimi.

"Apana," nilisema. "Mi siko mugonjwa. Nimepunguza tu kula. Muganga ndo aliniambia."

"Na dada yako alisema hivyo," mama mdogo akajibu kutoka pembeni, bila ukali. "Alikuja vakansi kama we, amekonda, akatuambia ni muganga, kumbe anatuficha ugonjwa. Akaomba sahani yake. Ile ile unakulia we."

Dada yangu alipokufa nilikuwa mbali. Habari zilinifikia kwa simu, kwa maneno machache, na hakuna aliyewahi kunieleza siku zake za mwisho alikula nini wala kwenye chombo gani. Nikaukumbuka ukingo wa buluu. Nikaikumbuka ile mikono miwili ya mama. Baridi iliniingia mwili mzima, na hapo ni Bujumbura mchana.

"Mama yuko wapi?"

"Jikoni. Mwache apumzike, amefunga," alisema jirani. "Anafunga karibu kila siku juu yako. Dua ya mutu amefunga hairudi."

Hapo nilishtuka kuliko nilivyopata kushtuka. Mama ana ugonjwa wa sukari. Daktari wake alimkataza kufunga hata Ramadhani, na kila mwaka inampa uchungu kulisha maskini badala yake. Nami, ninayeweza kukuambia uzito wa upawa wa wali kwa kuutazama tu, sikuwa nimeiona njaa ya mama yangu. Mchana sinia lilikwenda uani, mimi niko mezani. Magharibi alipofungua kwa tende, mimi niko barabarani natembea.

Nilimkuta kwenye kigoda, ameshika ukingo wa meza, jasho linamtoka, vidole vinatetemeka. Bangili yake ilikuwa imeteremka mpaka kwenye kiganja. Nilikasirika. Hofu yangu siku zote hutokea mlango wa hasira.

"Mama, unataka kujiua? We una sukari!"

"Na we?"

"Mi siumwe. Nakula, mama. Nakula nashiba."

"Usiniambie neno ile," alisema. "Dada yako alishiba hivyo hivyo mpaka tukamuzika."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi unyasi huo nilikuwa nikimwekea mezani kila mchana, kwenye sahani ya bati. Nikamimina chai, nikaijaza sukari, maana kwa njaa ile ilikuwa imemshuka mwilini, nikampelekea mdomoni. Alifumba mdomo na kugeuza uso. Jua lilikuwa bado juu.

"Kunywa, mama, nakuomba. Mungu anajua una ugonjwa."

"Kula kwanza. Nione."

Nikamwita mama mdogo, akaja na sinia, wali na sombe. Mlango wa jikoni ulijaa mitandio. Nikanawa, nikakaa sakafuni mbele ya mama, nikafinyanga tonge. Sikulipima. Mawese yalinichuruzika mpaka kwenye kifundo kile kile alichokizungushia vidole. Akalifuata tonge kwa macho kutoka siniani mpaka mdomoni, akangoja nitafune, akangoja nimeze.

"Ingine," alisema.

Nikala lingine. Ndipo akafungua mdomo, akapokea chai.