Kleti Zilizopigwa Tupa

Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na ubishi wake nao ni wa chuma. Mpe kitasa kisichofunga, atakipiga tupa. Mlango umevimba? Tupa. Dada yangu, mkewe, alikuwa akisema kwamba hata ndoa yao ikilegea, mumewe ataibana kwenye jiriwa aisugue mpaka ikae sawa. Siku hizo tulikuwa tunacheka.

Alichokipenda kuliko chuma ni baiskeli. Miaka mingi aliendesha na klabu ya mbio za baiskeli, na kila mwaka timu ya kwenda kushindana ng'ambo ilipochaguliwa, jina lake halikuwemo. Sasa alikuwa anaukaribia umri wa miaka arobaini, na kiongozi wa klabu alishamwambia bila kumung'unya maneno kwamba mchujo huu ndio wake wa mwisho.

Ndipo mwenzake aliyestaafu akampa viatu vyake vya mbio, soli ngumu kama ubao, chini matundu matatu. Kwenye matundu hayo hufungwa kleti, kipande cha plastiki chenye mdomo, ambacho hunasa kwenye pedeli ili mguu usukume na kuvuta pia. Ukitaka kushuka, unazungusha kisigino nje, kinaachia. Sharti kleti na pedeli ziwe za aina moja. Shemeji alinunua pedeli kwenye rundo la vitu vilivyotumika, kleti akazipata kwa mtu mwingine kabisa. Skrubu zilikaza vizuri, lakini mdomo ukagoma kuingia.

"Tafuta za aina yake," kiongozi alimwambia. "Hizo zinafanana kwa macho tu."

"Mimi nafunga geti la chuma tupu linakaa, kiplastiki hiki kinishinde?"

Nilikuwepo karakanani alipokibana kwenye jiriwa na kuanza kukisugua. Kikaingia, ta! Akashangilia kama mtoto. Kukitoa ikawa shughuli. Aliupinda mguu mpaka mshipa wa shingo ukamtoka.

"Shemeji, kuingia si kazi," nilimwambia. "Kutoka je?"

"Acha uchawi, shemeji. Kitalegea chenyewe."

Siku ya mchujo alishika nafasi ya nne, na waliotakiwa ni sita. Baada ya miaka yote ile! Kwenye mstari wa mwisho watu wawili walimshikilia, akafungua mikanda ya viatu, akachomoa miguu na kuviacha viatu vikining'inia kwenye pedeli. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Kiongozi peke yake hakucheka.

"Baiskeli iache, nitakuletea. Wewe panda gari."

"Mke wangu hajawahi kuniona nikirudi nimeshinda," shemeji alimjibu. "Nikashushwe kwenye gari kama gunia?"

Akaomba wamshikilie tena, akaingiza miguu, akakaza mikanda. Njia ya kwenda kwao haina pa kusimama mpaka nyumbani, na pale alipanga kuidaka nguzo ya geti, aishikilie huku akifungua mikanda.

Dada yangu alisikia kengele ya baiskeli. Akatoka mbio, mtoto mkononi, furaha imemjaa, akasimama palepale kwenye nguzo. Shemeji angefanya nini? Awagonge? Alifunga breki, akapinda kisigino, akapinda tena. Kleti haikuachia. Alianguka na baiskeli yake ubavuni, mbele ya miguu ya mkewe, na nyonga ikavunjika.

Majirani walikuja na ile methali ya asiyesikia la mkuu. Niliwafukuza. Mtu analia chini, nyinyi mnamletea methali!

Timu iliondoka bila yeye. Mfupa haukuunga vizuri. Sasa anatembea na gongo na anachomelea akiwa amekaa.

Lakini hilo silo lililomvunja moyo. Juzi alinishika mkono karakanani.

"Shemeji, dada yako amenichoka. Narudi jioni, nabisha getini, ananisikia, hatoki. Sina mguu, sina timu, sasa hata wa kunipokea sina?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa dada yangu, nimefura. Nilimkuta anakunja nguo za mtoto.

"Kwa nini humpokei mumeo?"

Mikono yake ilisimama. "Nikitoka ataharakisha na gongo lake aanguke tena, dada. Siku ile angeidaka nguzo. Ni mimi niliyesimama pale."

"Umemwambia?"

"Nikilitaja geti tu, ananyamaza siku nzima."

Nilirudi karakanani nikamweleza yote, neno kwa neno. Nilitegemea ainuke aende kumkumbatia. Aliifuta tupa kwa kitambaa, akaiweka mezani.

"Mwambie asiogope tena," alisema. "Nitakuwa napita mlango wa nyuma."

Na ndiko anakopita hadi leo, kando ya choo na pipa la taka, yeye aliyelichomelea geti lile kwa mikono yake.