Tangu tumzike Bhoke, hakuna anayeniita Baba Bhoke

Wakuu, heshima kwenu. Mimi humu ni wa kusoma na kupita, sijawahi kuanzisha uzi. Leo nimechoka kukaa na hili peke yangu, na sina nguvu ya kuongeza chumvi.

Ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Bomani, Tarime. Binti yangu wa kwanza, Bhoke, alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu Mwanza. Aliugua siku nne tu. Tukamleta nyumbani kuzika. Miezi saba sasa.

Huku kwetu ukishapata mtoto, jina lako limeisha. Miaka ishirini na moja nimekuwa Baba Bhoke, wateja wengi hawajui kama nina jina jingine.

Matanga yalipoisha, nikawa Baba Marwa. Marwa ni mdogo wake, yuko kidato cha pili.

Majirani, kanisani, mpaka mashemeji. Najua wananihurumia, hawataki kunitonesha. Ila kila wakiniita hivyo naona kama tunamzika upya. Naitika tu, kubishana siwezi.

Hata mke wangu akahamia kwenye jina hilo. Nami nikamwita Mama Marwa. Tunakula kimya, tunalala.

Juzi akapita mama mmoja anayetoka mbali, Natta, huwa analeta karanga sokoni. Hakuwa na habari.

"Baba Bhoke! Mwalimu wetu hajambo?"

Nikajibu, "Hajambo."

Wakuu, nilifurahi. Kama dakika moja hivi nilikuwa na binti. Kisha aibu ikanishika, nikamfuata mpaka njia panda nikamwambia ukweli.

Akatua ndoo yake ya karanga, akalia palepale barabarani. "Bhoke huyu aliyekuwa anachota karanga zangu huku anacheka? Pole, Baba Bhoke. Pole baba."

Nimepewa pole nyingi sana. Hiyo ndiyo iliyonifikia.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa anachambua maharage. Nikamwita, "Mama Bhoke."

Mikono ikasimama. "Nilidhani hutaki kulisikia," akasema.

Kumbe miezi yote hiyo kila mmoja anamlinda mwenzake. Tulilia hadi maharage yakasahaulika.

Sijapona, nisiwadanganye. Nilichojifunza ni kwamba mfiwa hajasahau, kwa hiyo huwezi kumkumbusha. Mtajeni marehemu.

Waliozika watoto wakubwa, nielezeni mnaishije. Ila kwenye komenti zenu naomba msiniite mkuu.

Niiteni Baba Bhoke.