Fundi wa Kimamba alinikataza kuipaka rangi baiskeli yangu ya mbio, nikaipaka

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi huwa nasoma tu nyuzi zenu na kucheka peke yangu kama chizi. Leo nimeleta la kwangu, na ni la kweli juu mpaka chini. Asiyeamini aje Kilosa, Mabwerebwere, aulizie bibi shamba mwenye baiskeli. Ataletwa mpaka mlangoni.

Nina miaka arobaini na moja, mke wa mtu, watoto wawili, na ndiyo, ni afisa ugani. Kazini nina pikipiki. Lakini mimi na baiskeli ni ugonjwa, tangu nasoma.

Zamani nilikuwa na ya mtumba, ile ya mbio yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Nyepesi, nzuri, ila ilitengenezwa kwa ajili ya mzungu mmoja mrefu huko ilikotoka. Nikiipanda naonekana kama nimelala kwenye ngazi. Nikishuka, mgongo unaninunia siku mbili.

Sasa Kimamba kuna mzee anaitwa mzee Maulidi. Baba yake alikuwa mtu wa reli, yeye akajifunza kuchomelea kwenye karakana ya shamba la mkonge. Siku hizi watu wanampelekea mageti na majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Lakini ukimbembeleza vizuri, anakutengenezea fremu ya baiskeli. Ya chuma, kwa mkono, bomba moja moja, anaunga kwa shaba.

Nikambembeleza. Miezi miwili wakuu! Kila nikienda Kimamba kukagua mashamba napitia kwake na sukari mkononi. Mwisho akasema, "Mwanangu, utanimalizia meno. Lete mabomba."

Shemeji yangu wa Dar akanitafutia mabomba ya chuma chembamba; magurudumu, gia na usukani nikavitoa kwenye ile ya mtumba.

Kipimo sasa. Mzee hana futi, anapima kwa kamba ya katani na kupiga fundo kila palipo na kiungo. Kwa kuwa mimi ni mwanamke, akamwita mkewe ndiye anipime, yeye akageukia ukutani. "Nyonga, piga fundo. Goti, piga fundo. Usimvute, si mbuzi huyo!" Nilicheka mpaka ikabidi tuanze kupima upya.

Baada ya wiki tatu fremu ikawa tayari. Akaniita, akanipa sharti moja.

Isipakwe rangi.

Akaniambia kila fremu yake inatoka tupu, chuma kinaonekana, unaipaka mafuta ya kula isishike kutu. Unaipanda kwanza safari ndefu, Kilosa mpaka Mikumi na kurudi. Kisha unamrudishia aikague. Ikiwa nzima, anagonga herufi yake kwa nyundo pale chini ya pedeli, ndipo unapaka rangi unayotaka. "Bila herufi yangu hiyo si baiskeli, ni mabomba yaliyojuana juzi," akasema.

Nikajibu sawa baba. Na nilimaanisha.

Wakuu, siku ya kwanza kuipanda sijui niwaelezeje. Nilitoka Kimamba kurudi Kilosa nikiwa naongea na baiskeli. Mikono imefika panapotakiwa, miguu imefika, mgongo kimya. Ukikanyaga tu inaondoka. Kwenye mashimo chuma kinanesa kidogo, hakikupigi. Nilipofika nyumbani nikaunganisha mpaka sokoni, nikazunguka, nikarudi. Mume wangu, baba Rehema, akauliza umenunua nini sokoni. Sikuwa nimenunua kitu.

Shida ikaanza na midomo ya watu.

"Bibi shamba, umeiokota kwenye chuma chakavu?" "Mama Rehema, hiyo imechubuka au imeungua?" Maana kweli ilikuwa mbaya kuitazama. Bomba la kijivu, kwenye maungio madoa ya shaba ya njano na weusi wa moto. Mimi nina hasira za karibu, na mwanzo nilikuwa nawajibu. Baadaye nikachoka.

Halafu kuna group la waendesha baiskeli kutoka Morogoro mjini, wakatangaza wanakuja kupiga Kilosa–Mikumi Jumamosi. Nikajiandikisha. Nikaenda kuangalia picha zao, duh! Baiskeli zinang'aa kama sahani za harusi. Nikajitazama na bomba langu.

Alhamisi nikaipeleka kwa kijana mmoja anayepaka rangi magari. Rangi ya chungwa, na vanishi juu.

Ilipendeza jamani, tusidanganyane. Niliiegesha barazani kila mpita njia aione.

Ijumaa saa nne asubuhi, aliyepita njia ni mzee Maulidi. Amekuja mjini kutafuta gesi ya kuchomelea, akaona apitie kunisalimia.

"Shikamoo baba."

Akaitikia kwa shingo upande, macho yako kwenye baiskeli. Akaizunguka mara moja. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipojua nimeharibu.

"Aliyepaka rangi ndiye akuhakikishie shingo yako," akasema. "Mimi sioni kitu hapo. Ukiteremka nayo mlima, usimwambie mtu imetoka kwangu."

Nikaanza kujitetea, mara watu wananicheka, mara wageni wanakuja. Akanikatiza taratibu. "Mimi nimekataza kwa sababu sijui, mwanangu. Ningekuwa najua kila kiungo kimeshika, ningekupakia mwenyewe siku ile ile."

Akaenda zake. Chai hakunywa.

Wakuu, nilikaa barazani nikalia, sifichi. Nilikuwa na njia mbili tu. Niende Mikumi na rangi yangu nzuri bila kujua chini yake kuna nini, au niitoe.

Nikatuma watu dukani waniletee msasa.

Baba Rehema aliporudi kula mchana akanikuta nimejaa vumbi la chungwa mpaka kope. Akasimama, akatikisa kichwa. "Jana umelipaka, leo unalikwangua. Mke wangu, una uhakika si malaria?" Kisha akakunja mikono ya shati akachukua upande wa nyuma. Hakurudi kazini. Tulikwangua mpaka adhana ya alasiri, tukitaniana tu, vidole vinauma. Mwanaume yule nampenda, acha niseme hapa hadharani.

Jumamosi nikatokea na kitu kibaya kuliko mwanzo, kijivu chenye mabaka ya chungwa. Wale wa Morogoro wakatazamana. Mmoja akauliza kwa adabu kama nitafika.

Basi twende. Barabara ya kupitia kijiji chetu cha Ulaya mnaijua wenyewe, hapa lami, hapa vumbi, hapa kokoto. Asubuhi ile kulikuwa na ubaridi na milima iko wazi. Wenzangu wenye baiskeli za bei walikuwa wanalalamika mtikisiko, mimi natabasamu tu.

Kituko kilikuwa kwenye mlima mmoja. Nakazana, gia ya mwisho, ulimi nje. Nasikia nyuma kwii kwii kwii. Muuza maziwa, mbaba wa Kimasai, baiskeli nzito isiyo na gia, madumu mawili nyuma. Akanipita! Akaniangalia, akaangalia usukani wangu.

"Mama, mbona umeinama, umedondosha kitu?"

Nilicheka mpaka nikashuka nikasukuma.

Tulifika Mikumi saa nane. Nilikula wali na maharage ya milima ya Vidunda sahani mbili, sikuona haya. Nikalala kwa rafiki yangu, Jumapili nikarudi peke yangu, naimba njia nzima.

Jumatatu nikampelekea mzee. Nikapiga magoti nikaomba radhi. Akaona ile mikwaruzo ya msasa, akapitisha kidole, akasema tu, "Mmekwangua wawili. Huyu wa nyuma ana nguvu." Nikajua ameshanisamehe.

Ukaguzi wake uko hivi. Anapaka mafuta ya taa kwenye kila kiungo, anasubiri, anafuta mpaka pakauke. Kisha anasaga chaki za shule na kupaka unga wake juu. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kuchora mstari kwenye weupe.

Tukasubiri. Kulikuwa na wateja watatu pale, wote wameinamia fremu kama tunasoma matokeo ya mtihani. Kiungo cha juu, cheupe. Cha kiti, cheupe. Cha mbele, chini ya usukani, pale panapobeba uzito wote ukiteremka mlima, pakatokea mstari mwembamba kama unywele.

Nikamtazama mzee.

Nikadhani atasema ni ile rangi, au msasa, au nimeigonga mahali. Mafundi tunawajua. Mzee akavua miwani, akasema mbele ya wale wateja wote:

"Hapa moto wangu ulikuwa mdogo, shaba haikupenya. Kosa langu, mwanangu. Nisamehe."

Mzee wa umri wa baba yangu. Nikamwambia baba, basi tumesameheana.

Akapasha moto, akaunga upya muda ule ule, huku mkewe anatupikia chai. Chuma kilipopoa akanikabidhi, uso serious kabisa. "Sasa rudi Mikumi."

Niliruka juu wakuu! Adhabu gani tamu hivyo? Jumamosi iliyofuata nikarudi Mikumi. Nikarudi tena kwake, chaki ikabaki nyeupe kila mahali. Akachukua nyundo, akagonga herufi M chini ya pedeli. Mapigo mawili tu, mimi na mkewe tukapiga vigelegele kama tumeoza binti.

Nilichojifunza ni kwamba nilitaka watu waione nzuri kabla sijajua kama ni nzima. Na ule ufa ungekuwa chini ya rangi yangu ya chungwa, mimi nateremka nao nikitabasamu.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani hapa amewahi kusikia fundi, wa gari, wa nyumba, wa nguo, wa chochote, akisema "kosa langu" kabla hujamshika? Mtajeni na mahali alipo. Watu kama hao tuwafahamu wakiwa hai.