Vitambaa vya Bi Zubeda

Miaka ile biashara ilipopewa ruksa na mitumba ikafurika Temeke, kutia nguo kiraka kukawa aibu. Ukienda sokoni na kikapu cha ukili, wenzako wenye mifuko ya rambo wanakutazama mara mbili. Bi Zubeda hakujali. Alisugua sufuria kwa majivu na kumbi la nazi, machicha akawapa kuku, maji ya kuoshea mchele akamwagilia mchicha uani. Alilelewa hivyo na marehemu mama yake. Kwake yeye kanga ilikuwa haiishi: ikichoka kutokea huvaliwa jikoni, ikichoka jikoni hubebewa mtoto, kisha hukatwa nepi, mwisho huwa dekio.

Wapangaji wenzake walimwita bahili, wakacheka. Kicheko kiliisha alipoanza kuokota kanga kuukuu kwenye ndoo zao za taka.

Nyumba ya Mzee Mwinjuma ilikuwa na vyumba sita na ukumbi mmoja, na katika nyumba ya aina hiyo hakuna jambo dogo. Demetria, mke wa mwalimu, ndiye aliyegundua kwanza kwamba Bi Zubeda haokoti ovyo. Anaokota kwa wenye watoto tu. Kanga ya Tupokigwe, ambaye hakujaliwa mtoto, aliipita kama hakuiona, na ndiyo iliyokuwa nzima kuliko zote.

"Anatafuta nini kwa watoto wetu?" Demetria aliwauliza wenzake bombani.

Wiki hiyohiyo mwanawe, Albano, akashikwa na degedege. Hospitali walisema malaria. Sawa, malaria, lakini nani aliituma? Watu wazima, wengine na vyeti vyao ukutani, waliulizana swali hilo bila kuona haya. Tangu hapo Bi Zubeda akisalimia, watu wanageuka. Kila mama akaanza kuchoma matambara yake mwenyewe.

Ukweli aliujua Bi Zubeda peke yake. Binti yake Najat, aliyeolewa Kigamboni, alikuwa mjamzito tena. Mimba mbili zilikwisha kutoka. Mara zote mbili Bi Zubeda alikuwa amewahi kushona nepi za kanga zake mwenyewe, na Najat akazigawa zote kwa kuwa hakuweza kuzitazama. Safari hii Bi Zubeda alifuata mazoea ya marehemu mama yake bila kuruka hata moja: vitambaa vitoke kwa wanawake ambao watoto wao wanaishi, visishonwe, na asiambiwe mtu, mpaka mtoto alie. Naye alikuwa na shaka zake. Aliwatazama wapangaji wale mmoja mmoja asijue husuda iko machoni pa nani. Basi wao wanamwogopa yeye, yeye anawaogopa wao, na wote wanalala chini ya bati moja.

Albano alipopona, badala ya kushukuru na kunyamaza, Demetria alimleta balozi wa nyumba kumi. Furushi likatolewa chumbani kwa Bi Zubeda, likafunguliwa barazani. Vilikuwa vipande vya kanga vilivyofuliwa, vikaviringwa, kila kimoja kimefungwa uzi mweupe. Kila mwanamke akakiona chake.

"Si ndiyo yangu ya harusi hii!"

"Na hiyo yangu! Mama wee, kaifunga uzi!"

"Mie niliwaambia," Demetria alisema, "nyie mkanicheka."

Mzee Mwinjuma akakohoa. "Bi Zubeda, tumekaa vizuri miaka yote hii. Tuambie tu vya nini, yaishe. Ukikataa, itabidi unirudishie chumba changu."

Neno moja lingemwokoa. Lakini akisema nepi, wangeuliza za nani, na kabla ya magharibi habari ingekwisha kuvuka na pantoni hadi Kigamboni. Alimtazama Demetria, akamtazama Tupokigwe. Iliuma, na iliuma sana. Chumba kile ndimo alimofia mumewe.

"Haya, mie mchawi," akasema. "Mmeridhika?"

Balozi alirudi nyuma. Demetria akamvuta Albano, akamficha ndani ya kanga yake. Bi Zubeda akachuchumaa, akaanza kuvikusanya vitambaa kimoja kimoja, bila haraka. Hakuna aliyethubutu kudai chake. Akaondoka navyo vyote.